Rupia ya Tabora haisuguliwi kwa ndimu

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua tuseme kidogo kuhusu biashara ya vitu vya kale hapa Tabora na kule Kigoma na Ujiji. Biashara hiyo ipo, hata kama haina kibao wala banda. Sinia la shaba la bibi linatoka nyumbani kwa bei ya kilo, linaishia kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Mtaa wa pili kijana anaambiwa kwamba rupia moja ya Mjerumani, ile sarafu ya enzi za ukoloni, itamnunulia gari. Aliyeuza kwa kilo kapunjwa, na aliyeahidiwa gari naye kapunjwa, ila huyu wa pili bado hajajua. Katika mauzo yote mawili hakuna aliyekikagua kitu chenyewe kabla ya bei kutajwa.

Bei ya kitu cha kale inabebwa na ushahidi uliobaki juu yake: mihuri ya kiwandani, uchakavu uliokaa mahali unapotakiwa kukaa, rangi ya uzee, na habari za nyumba kilikotoka. Ushahidi huo ndio watu wetu wanaousugua kwa ndimu na majivu usiku kucha ili mnunuzi akija kesho akute kinang'aa.

Uingereza kuna miji midogo ya mashambani inayoishi kwa biashara ya vitu vya kale na ukaguzi wa ushahidi wa namna hii. Tetbury ulitajirika kwa biashara ya sufu, na jengo lake la soko la mwaka 1655 bado limesimama juu ya nguzo zake. Hungerford upo kwenye barabara ya zamani ya kutoka London kwenda Bath, mahali pa kubadilishia farasi. Petworth umekua ubavuni mwa jumba la kifahari. Biashara zilizoijenga miji hiyo zilikufa au zikahama, nyumba zikabaki, na vilivyomo ndani ya nyumba vikawa ndiyo bidhaa. Hali yetu haiko mbali na hiyo. Tabora ilikuwa njia panda ya misafara na Ujiji ndipo misafara ilipokutana na ziwa. Reli ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kila aliyepita, Mwarabu, Mhindi, Mjerumani, Mbelgiji, Mwingereza, mmisionari, karani wa reli, aliacha kitu.

Katika miji hiyo ya Uingereza wachuuzi wengi hawana duka lao peke yao. Nyumba moja kubwa hugawanywa kwa makabati ya kioo yenye kufuli, kila mchuuzi hupanga kabati lake kwa mwezi, na mwenye nyumba huwauzia wote kwenye kaunta moja akikata kamisheni yake. Kila kitu huning'inizwa kijikaratasi chenye jina la kitu, kipindi chake, kasoro zake, bei, na namba ya mwenye kabati. Ukiona kwenye kijikaratasi herufi A/F, ujue muuzaji ametangaza kwamba kitu kina kasoro na kinauzwa kama kilivyo; usirudi kesho kudai. Kikiandikwa kuwa ni cha enzi ya wafalme wa jina la George, muuzaji anadai kilitengenezwa kati ya mwaka 1714 na 1830. Kikiandikwa kuwa ni cha mtindo wa enzi hiyo, hajadai chochote kuhusu mwaka, na huenda kilitoka kiwandani juzi. Kupatana bei kupo, lakini kwa adabu: unauliza bei yake ya mwisho ni ipi, unapunguziwa kama asilimia 10, mnaagana. Anayetaka kushusha nusu kwa kelele kama yuko mnadani hupewa mgongo.

Mnunuzi mzoefu wa huko ukimtazama utadhani anatafuta mende. Anavuta droo mpaka itoke, anapindua kiti miguu juu, anamulika tochi nyuma ya kabati. Anafanya hivyo kwa sababu mbele ya kabati pametengenezwa papendeze, ila nyuma na chini fundi hakujali sura, hakupaka rangi, hakuficha alama ya msumeno wake. Mghushi naye mara nyingi huchoka kabla ya kufika huko.

Tuje kwenye rupia, maana ndizo zenye kelele nyingi zaidi.

Rupia za kwanza za Wajerumani zilitolewa na kampuni yao ya Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1890 hadi 1902. Upande mmoja ni Kaisari Wilhelm II amevaa kofia ya chuma yenye tai, upande wa pili simba na mnazi. Kuanzia mwaka 1904 serikali yenyewe ikachukua kazi hiyo, rupia ikagawanywa heller 100, na chini ya sarafu ikaonekana herufi A kwa zilizopigwa Berlin au J kwa zilizopigwa Hamburg. Rupia kamili ya vipindi vyote viwili ni fedha, uzito wake gramu 11.66 na upana wake milimita 30.5. Nusu ni gramu 5.83. Heller moja ya shaba ni nyingi kama changarawe, na anayekutajia milioni kwa heller iliyosagika anakutania. Kuna pia sarafu za shaba zilizoitwa pesa, za mwaka 1890 hadi 1892, zenye maandishi ya Kiarabu na mwaka wa Hijria 1307 hadi 1309. Hizo watu huzidhania za Sultani wa Unguja, wakati upande wa pili zina tai wa Mjerumani.

Kisha kuna sarafu za Tabora yetu. Mwaka 1916 vita vilikuwa vimewafungia Wajerumani bahari, fedha hazikuja tena kutoka Ulaya, wakaamua kujipigia wenyewe kwenye karakana ya reli. Walitoa heller 5 na heller 20, na ile ya dhahabu ya rupia 15, zote zikiwa na herufi T kwa ajili ya Tabora. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke. Sarafu ya rupia 15 ina tai upande mmoja, na upande wa pili tembo aliyeinua mkonga, milima nyuma yake, na mwaka 1916. Zilipigwa 16,000 na ushee tu, na tarehe 19 Septemba mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji yakaingia mjini. Zipo za namna mbili: tazama pambo la kulia linalojikunja chini ya jina OSTAFRIKA. Kwenye zingine ncha ya pambo huishia chini ya herufi T, kwenye zingine huishia chini ya A ya kwanza. Mtu anayekuuzia rupia 15 na hajui hilo, ama ameiokota ama ameitengenezesha.

Hapa ndipo penye mtego ambao wengi hawautarajii. Heller 20 ya Tabora ya kweli ina sura mbaya. Ilipigwa kwa shaba chakavu, ya njano au nyekundu, kwa mashine ambayo haikuundwa kwa kazi hiyo, kwa hiyo unene haulingani, maandishi mengine yamefifia, katikati pengine hapakushika vizuri. Watu wanaiona hivyo wanaitupa, wanasema ni ya bandia, halafu wanakumbatia nakala ya juzi iliyopigwa safi kama kishikizo cha sare ya polisi. Kwenye sarafu hizi mashaka yaanze pale unapoona unadhifu.

Vifaa vya kukagulia si ghali. Mizani ya sonara inayosoma gramu 0.01, vanieri ya kupimia upana, sumaku, na lenzi ya kukuza mara 10. Sumaku ndiyo ya kwanza: dhahabu, fedha na shaba hazinaswi, kwa hiyo rupia inayorukia sumaku ni chuma kilichopakwa. Lakini isiponaswa usishangilie, kwa kuwa shaba na risasi nazo hazinaswi. Pima uzito. Rupia 15 ya Tabora ni dhahabu ya 750 kwa elfu, gramu 7.17, upana milimita 22. Shaba ya njano ya ukubwa uleule itakupa gramu 4 hivi, na tofauti hiyo hata kiganja kinaihisi. Mghushi anayejua hilo huongeza unene ili uzito ukaribie, ndiyo sababu kipimo cha maji kinahitajika.

Kipimo chenyewe ni hiki. Weka glasi ya maji juu ya mizani na ubonyeze isome sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, ishushe izame yote, isiguse chini wala ukuta wa glasi. Namba inayojitokeza ni uzito wa maji yaliyosogezwa. Chukua uzito wa sarafu ikiwa kavu, ugawanye kwa namba hiyo. Rupia ya fedha: 11.66 kugawanya kwa 1.13, unapata 10.3 hivi. Shaba ya njano huwa kama 8.5, risasi 11.3, na dhahabu ya 750 huangukia karibu na 15. Kosa la kawaida ni mapovu ya hewa yanayong'ang'ania kwenye maandishi ya sarafu. Yanasogeza maji ambayo chuma hakikusogeza, na dhahabu inaonekana kama kitu duni. Tia tone moja la sabuni ya maji kwenye glasi, chovya sarafu, itikise kidogo, ndipo usome. Kosa la pili ni upepo wa feni. Zima feni.

Baada ya namba, lenzi. Sarafu iliyomiminwa kwenye kalibu badala ya kupigwa kwa mhuri huwa na vishimo na vipele vidogo kwenye uwanda ulio mtupu, na mstari mwembamba unaozunguka ukingoni mahali nusu mbili za kalibu zilipokutana. Kagua ukingo wote, hasa juu ya kichwa cha Kaisari. Akina mama walizivaa rupia kwenye mikufu, na kipete kilichochomelewa kikiondolewa huacha doa la risasi ya kuchomelea au mahali palipopigwa tupa. Rupia ya namna hiyo ni halali na ina historia yake nzuri, ila bei yake hushuka sana kwa wakusanyaji, na muuzaji anatakiwa aseme.

Neno kuhusu reale ya Maria Theresa, sarafu kubwa ya fedha ya Austria, ambayo nayo huibuka Ujiji. Karibu zote zimeandikwa mwaka 1780. Hata iliyopigwa miaka mia na hamsini baadaye imeandikwa 1780, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na pwani yetu hawakuikubali yenye mwaka mwingine. Uzito gramu 28.07, fedha ya 833. Mwaka ulioandikwa pale hauthibitishi umri hata kidogo, na bei itoke kwenye fedha iliyomo mpaka mtaalamu aseme vingine.

Sasa ndimu. Tindikali ya ndimu inaila shaba na kuacha rangi ya waridi isiyorudi tena. Majivu na mchanga huchora mistari midogo ambayo chini ya lenzi inaonekana kama barabara za ng'ombe. Dawa ya meno hufanya vilevile polepole. Soda nayo ni tindikali. Mkusanyaji akiona mistari hiyo hukata bei papo hapo, na hakuna fundi wa kuirudisha sura ya zamani. Ukitaka kuondoa udongo, loweka sarafu kwenye maji safi yasiyo na chumvi, maji ya betri yasiyotiwa tindikali yanafaa, kwa siku moja au mbili ukibadilisha maji. Itoe, iweke juu ya kitambaa cha pamba, igandamize bila kusugua, iache ikauke. Mafuta na gundi ya karatasi hutoka kwa asetoni halisi, si ile ya kuondolea rangi ya kucha iliyotiwa manukato. Zaidi ya hapo, acha.

Kuna ugonjwa mmoja wa shaba unaostahili kuogopwa. Ukiona vumbi la kijani hafifu, laini kama unga, linaloondoka kwa kucha na kurudi baada ya wiki, hiyo si rangi ya uzee. Ni chumvi ya kloridi inayoila shaba kwa msaada wa unyevu hewani, na kwa hewa ya ziwani Kigoma wakati wa masika inakwenda mbio. Itenge sarafu hiyo na nyingine, ihifadhi kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vile vifuko vya kukaushia unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Na sarafu zote ziondoe kwenye mifuko laini ya plastiki ya picha na vitambulisho. Plastiki ile huvuja majimaji ya kunata na kuziacha na ute wa kijani. Bahasha ndogo ya karatasi nyeupe kavu, sarafu moja kwa bahasha moja, inatosha.

Fedha ya mezani iliyoachwa na Waingereza tusiizungumzie sana, kwa kuwa nyingi si fedha. Herufi EPNS chini ya birika maana yake ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki uliochovywa fedha juu, na kwenye pembe zilizosuguliwa utaona rangi nyingine ikichungulia. Fedha halisi ya Uingereza ina safu ya mihuri midogo: simba anayetembea akithibitisha fedha ya 925, alama ya mji ulikopimwa, herufi ya mwaka, na herufi za jina la fundi. Nanga ni Birmingham, kichwa cha chui ni London, taji lilikuwa Sheffield mpaka mwaka 1974, kisha likaja ua la waridi. Kama kuna kichwa cha mfalme au malkia, ni muhuri wa ushuru wa kati ya mwaka 1784 na 1890. Mihuri hiyo ikisuguliwa kwa dawa ya kung'arishia kila Idi na kila Krismasi, inafutika, na birika linarudi kuwa kilo ya chuma.

Sahani na mabakuli ya maua yanayotundikwa ukutani yageuzeni. Mengi yatakuwa na mhuri wa Maastricht, Uholanzi, mengine na ile sanamu ya simba mwenye kichwa cha mtu ya kiwanda cha Petrus Regout. Viwanda hivyo viliuza sana pwani ya Afrika Mashariki, na shehena zikapanda mpaka huku. Neno England chini ya sahani huelekea kuonyesha kwamba ni ya kuanzia mwaka 1891, Marekani ilipoanza kudai bidhaa ziandikwe nchi zilikotoka. Gonga ukingo kwa kucha: nzima hulia kama kengele, yenye ufa husema tap. Ufa uliofichwa kwa gundi na rangi unaonekana chini ya taa ya zambarau ya kukagulia noti, ileile waliyonayo makeshia; gundi ya kisasa hung'aa tofauti na udongo uliochomwa.

Kandili za Feuerhand zinauzwa kama za Mjerumani wa ukoloni. Soma maandishi kwenye tangi au kwenye kioo. Yakitaja Ujerumani Magharibi, kandili hiyo ilitengenezwa baada ya mwaka 1949, Mjerumani wa Tabora ameshaondoka zaidi ya miaka thelathini nyuma. Cherehani za Singer nazo, namba yake isiyo na herufi mbele ni ya kabla ya mwaka 1900, yenye herufi ni ya baadaye. Zilitengenezwa kwa mamilioni, kwa hiyo thamani iko kwa ile iliyokamilika, yenye kifuniko chake cha mbao na nakshi za dhahabu zisizochunika. Na ile zebaki nyekundu inayovumishwa kuwa imo ndani yake, haimo. Uvumi huo ulipandisha bei ya cherehani kuukuu kule Saudi Arabia mwaka 2009, ukazimika kwa kuwa hapakuwa na kitu. Wanaokuja na habari za zebaki, au za rupia inayovuta punje za mchele, wafungieni mlango.

Samani zinataka subira. Mbao hupungua upande mmoja tu, ule unaokata nyuzi zake, kwa hiyo meza ya duara ya miaka mia mbili haiwi tena duara. Ipime kwa utepe mara mbili kwa msalaba. Tofauti ya milimita kadhaa ni dalili njema, na ikilingana kabisa, uliza maswali. Kwenye pembe za droo tazama meno yanayoungana: yaliyokatwa kwa mkono hayalingani ukubwa, ya mashine yanalingana yote. Mikwaruzo ya msumeno ikiwa imejipinda nusu duara, ni msumeno wa mviringo wa kiwandani, wa karne ya 19 na kuendelea. Skrubu yenye msalaba kichwani haikuwepo kabla ya miaka ya 1930, kwa hiyo ikiwa ndiyo ya asili kwenye kabati linalodaiwa kuwa la enzi ya Malkia Victoria, kabati hilo si la Victoria. Ikiwa ni ya kurekebishia tu, kutakuwa na tundu la zamani karibu yake.

Kasha la njumu likaguliwe kwa mantiki hiyohiyo. Mkono wa mtu hugusa kifuniko mahali pamoja kila siku, funguo hukwaruza shaba kuzunguka tundu lake, miguu hula unyevu wa sakafu. Uchakavu ukiwa umesambazwa sawasawa kila upande, umetengenezwa kwa msasa. Vichwa vya misumari ya zamani havifanani, na nyuma ya kila msumari ubao umebadilika rangi. Chini ya kasha ndipo mchwa hupita kwanza. Ubao wa chini wa mninga mpya kwenye kasha la msaji si uhalifu, ila uandikwe. Na jamani, tusiwape mafundi makasha wayapige randa na vanishi. Ngozi ile nyeusi ya juu, iliyotokana na mikono, moshi na mafuta ya miaka mia, ikiondoka kinachobaki ni sanduku la mbao.

Kama mbao inatoa unga mweupe na matundu yana kingo safi za rangi ya ubao mpya, wadudu wangali hai. Dawa ya kunyunyizia huishia juu. Vitu vidogo, kama kigoda, bao, kisanduku, vifungwe kwenye plastiki nzito, hewa itolewe, viwekwe kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri au zaidi kwa wiki mbili. Kigoma friza za samaki zipo tele, mwenye friza atakubali kwa chochote. Ukitoa, usifungue plastiki kabla ya siku moja kupita, la sivyo unyevu wa hewa utaganda juu ya mbao baridi na kuipasua.

Milango hatuna budi kuitaja kwa sauti kubwa zaidi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na inataja waziwazi milango na fremu za mbao zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940. Mlango wa nakshi wa nyumba ya Ujiji, hata kama nyumba ni ya babu yako, usiung'oe, usiuuze, usiupakie kwenye behewa bila kibali cha Idara ya Mambo ya Kale. Usichimbe pia. Vijana wanaochimbua kuta za boma na makaburi wakitafuta mali za Wajerumani wanavunja sheria hiyohiyo, na hata wakipata kitu, kimepoteza nusu ya thamani kwa kuwa hakuna anayeweza kusema kwa ushahidi kilikaa wapi. Mtu akiokota kitu shambani wakati wa kulima, akipeleke kwa mtendaji au kwenye makumbusho ya Kwihara au ya Ujiji, na aeleze mahali.

Pembe za ndovu ni mlango mwingine uliofungwa, na hapa mji wetu una historia nzito kwa kuwa misafara ilijaa pembe. Bangili, kipini cha fimbo, kidani cha pembe, hata kama kimerithiwa vizazi vitatu, usikinunue wala kukiuza. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 haimtazami bibi yako. Ukimpelekea mnunuzi wa Uingereza utagonga ukuta mwingine. Sheria yao ya pembe ya mwaka 2018, iliyoanza kutumika Juni 2022, imepiga marufuku karibu biashara yote, ikaacha mianya michache kama kitu cha kabla ya mwaka 1947 chenye pembe chini ya asilimia 10 ya ujazo wake, nacho lazima kisajiliwe. Vipuri vya reli pia, kengele, taa za ishara, mataruma yenye maandishi ya Kijerumani, ni mali ya shirika la reli mpaka uonyeshwe risiti ya mnada halali.

Ombi letu kwa manispaa za Tabora na Kigoma Ujiji ni dogo. Watenge chumba kimoja sokoni chenye makabati ya kioo kumi au kumi na tano ya kupangishwa kwa mwezi, kaunta moja, na daftari moja. Daftari liandikwe tarehe, picha ya kitu, uzito au vipimo, kasoro, jina na namba ya kitambulisho cha aliyekileta, na nyumba au kijiji kilikotoka kwa maneno yake mwenyewe. Nakala ya ukurasa huo aondoke nayo mnunuzi. Wasonara wa mjini wanaweza kulipwa kwa kila kipimo, mizani wanazo tayari. Afisa utamaduni apite mara moja kwa wiki na kutoa vilivyo chini ya sheria kabla havijafika kioo cha mbele. Mnunuzi wa mbali hulipa zaidi kwa kitu chenye karatasi, hata kama haking'ai.

Kwako Mhariri tuna ombi moja pia. Kama gazeti linaweza kupata picha ya rupia 15 ya Tabora na ya heller 20, tunaomba zichapishwe pande zote mbili kwa ukubwa wake halisi, milimita 22 na milimita 29, ili msomaji aweze kuweka yake juu ya karatasi na kulinganisha.

Wapenzi wa vitu vya kale,
Cheyo, Tabora